Kona ya Kushoto ya Bi Kijakazi

Kabla mtu hajahukumiwa ni haki asikilizwe, na utetezi wa Hudhaifa ulikuwa huu: hakumuigiza Mwalimu Mkuu, Mwalimu Abrahman, kwa nia mbaya. Ilikuwa Ijumaa, mvua imewafungia wanafunzi dahalia, simu ya Maalim Haroub iko kwenye chaji bila mlinzi, na sauti ya Mwalimu Abrahman ni nyepesi kuigiza. Unashika pua kidogo, unavuta kila neno la mwisho kama unavuta ndoo kisimani, imetoka. Basi Hudhaifa alishika pua, akapiga simu kwenye skuli moja ya kulipia huko Unguja, akatangaza kwamba skuli yake ya Pemba ina mpango wa tenisi unaofuata mbinu za wachezaji wa kulipwa wa duniani, na kwamba ingekuwa heshima kubwa kumfunga kijana wao yeyote, siku yoyote, alimradi si wakati wa mitihani.

Upande wa pili walishukuru, wakasema watakuja.

Mzaha mzuri ni kama chungu cha wali, una wakati wake wa kuepuliwa. Huu ulisahauliwa jikoni. Hudhaifa alicheka, Nyange wa kitanda cha juu akacheka, dahalia nzima ikacheka hadi isha, na asubuhi yake wakasahau. Hawakusahau Unguja. Siku moja Mwalimu Abrahman akapigiwa simu, akaulizwa kwa adabu kama wageni walale skuli au watafute nyumba ya wageni Chake.

Mwalimu Abrahman alikuwa mtu mwenye kichwa. Hakuuliza nani kafanya. Alimwita Hudhaifa ofisini.

"Hudhaifa."

"Naam, Mwalimu."

"Nimeahidi kuwafunga watu wa Unguja."

"Nimesikia hivyo, Mwalimu."

"Sauti yangu ilikuwaje nilipokuwa naahidi?"

Hudhaifa akaitazama sakafu, ambayo haikumsaidia. "Kidogo ilikuwa na mafua, Mwalimu."

Mwalimu Mkuu akavua miwani, akaipangusa kwa utulivu wa mtu anayenoa kisu. "Skuli hii haijawahi kusema uongo na mimi sianzi leo. Utacheza wewe. Ukishinda, maneno yale niliyasema mimi. Ukishindwa uliyasema wewe, na Jumatatu unatoka dahalia na tranka lako, unahamia kwa bibi yako."

Hudhaifa alikuwa amejiandaa kwa bakora, kwa kufagia vyoo, hata kwa kuandika barua ya kuomba radhi kwa lugha tatu. Kwa hilo hakuwa amejiandaa.

Hapa msomaji atauliza, bibi ana nini? Bi Kijakazi hakuwa na ubaya wowote. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya uzio wa skuli, karibu kiasi kwamba wanafunzi walijua kwa pua tu leo kakaanga nini. Hudhaifa kitanda cha dahalia alikipata kwa sababu baba yake ni mvuvi wa Fundo, na mtoto wa Fundo hawezi kuvuka maji kila asubuhi kuja kusoma. Hiyo ni kweli tupu. Kwamba mama wa mama yake anaishi hatua chache kutoka darasani, hakuna aliyemuuliza, naye si mtu wa kujibu asichoulizwa.

Tatizo lilikuwa karafuu. Nyumbani kwa Bi Kijakazi wakati wa mavuno hapakuwa na Jumamosi wala Jumapili. Palikuwa na jua na palikuwa na mvua. Jua likitoka, unaanika. Likipanda, unageuza. Wingu likionekana upande wa Wesha, unaacha kijiko mdomoni unakimbia kuanua. Pemba nzima ndiyo hivyo: tone likianguka, mpita njia huanua kwanza, halafu ndipo huuliza karafuu zenyewe ni za nani. Wajukuu wote waliopitia mikononi mwa Bi Kijakazi walitoka na viganja vya rangi ya kahawia na macho yasiyokaa bila kutazama mbingu. Hudhaifa alikaa kwake msimu mmoja akiwa na miaka tisa. Ndipo alipoanza kupenda elimu ya dahalia.

Na kama ilivyo desturi ya mikosi kuja na jamaa zake, karafuu hizo hizo ndizo zilizokuwa zimemfundisha tenisi.

Uwanja wa skuli ulijengwa na wafadhili fulani waliokuja na saruji, wakapiga picha, wakaondoka. Wao walidhani wamejenga uwanja wa tenisi. Kina mama wa mtaa waliuona mara moja ulivyo: sakafu ya kuanikia, pana, yenye kushika joto, yenye uzio wa kuzuia mbuzi, na katikati wavu ambao haukumkera mtu. Ukafanyika mkutano wa kina mama na walimu, wakabishana kwa heshima kama mataifa mawili, na mkataba ukapatikana. Msimu wote wa karafuu, kila upande wa wavu, kona ya nyuma ya kushoto itakuwa ya Bi Kijakazi na wenzake. Palitandikwa jamvi kubwa upande huu na jamvi kubwa upande ule. Sehemu iliyobaki ilikuwa ya michezo na afya.

Sheria zilitungwa na Bi Kijakazi mwenyewe. Mpira utakaoangukia karafuu unashikwa hadi Ijumaa. Aliyeupiga ataokota punje zilizoruka, moja moja, mpaka Bi Kijakazi aridhike. Adhabu ya kukanyaga karafuu haikutajwa, kwa kuwa hapajatokea mtu wa kutaka kuijua.

Kwa hiyo ikazaliwa namna ya kucheza isiyopatikana popote duniani. Mpira ulitoka kulia kwenda kulia, kukatiza uwanja kwa mshazari, kurudi na kwenda, kulia kwa kulia, kama majirani wanaopelekeana sahani. Katika skuli ile hakuna mwanafunzi aliyejua kupiga kwa mkono wa nyuma. Kwa nini ajue? Mkono wa nyuma hutumika kona ya kushoto, na kona ya kushoto palikuwa na mali ya watu.

Zilipobaki siku chache, Hudhaifa na Nyange wakaazima simu ya Maalim Haroub, safari hii kwa ruhusa, wakatazama mechi za wakubwa. Nyange alikuwa mshauri kwa sababu alikuwa hana cha kupoteza.

"Unaona?" alisema Nyange. "Hawapigi ovyo hawa. Anaanzisha mpira unatoka nje, mwenzake anavutwa pembeni, halafu anampigia penye uwazi. Mpira wa pili kaupanga kabla ya wa kwanza."

Hudhaifa alitazama kwa makini ya mtu aliyekwisha kuona tranka lake mlangoni. Aliona kwamba wakubwa hupanga mipira kama wazee wanavyopanga maneno ya kwenda kuposa: neno la kwanza la kumsogeza baba mtu, la pili la kumlainisha, la tatu ndilo lenye shida yao. Aliona pia kwamba mtu akizidiwa hakimbilii kupiga kwa nguvu zaidi. Hukaa kwenye kiti, hufunika kichwa kwa taulo, na akiinuka huwa kabadilisha kitu.

"Kwenye taulo mle kuna nini?" aliuliza.

"Akili," alisema Nyange. "Lakini wewe leta taulo tu."

Wageni wakafika Jumamosi asubuhi. Bingwa wao aliitwa Abdulsamad, kijana mrefu, mpole, nguo nyeupe kama hujaji, raketi sita begani. Pamoja naye alikuja Kocha Hafiz, ambaye alibeba kishikwambi na kila alichokiona alikiandika humo. Aliuona wavu, uliotiwa viraka vya nyavu za kuvulia, akaandika.

Mwalimu Abrahman, kwa kuwaonea wageni haya, alikuwa amekwenda kumwomba Bi Kijakazi aupishe uwanja.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Abrahman. Huo mchezo wenu mrefu?"

"Mdogo tu, Bibi. Seti."

Hakusema seti ngapi. Bi Kijakazi alilitazama jua, akalikadiria kama mtu anayekadiria kitambaa, akasema seti moja ya asubuhi anaweza kuisamehe. Karafuu zikatiwa magunia, magunia yakaegemezwa uzioni, na kina mama wakakaa juu ya majamvi yaliyokunjwa, wanatazama.

Hudhaifa aliingia uwanjani akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona msimu wa karafuu: saruji tupu, kona nne. Ilimtisha kama kuona mtu unayemjua hana nywele.

Mpira wa kwanza Abdulsamad alianzisha, Hudhaifa akarudisha kulia kwa kulia, safi. Abdulsamad akarudisha. Wakaenda hivyo mara kadhaa na skuli ikaanza kupata matumaini. Kisha Abdulsamad, bila ubaya wowote, akaupeleka mpira kona ya kushoto.

Hudhaifa alikimbia. Alikimbia vizuri, magoti juu, raketi tayari. Alipofika pale unapokuwa ukingo wa jamvi siku zote, akasimama ghafla kama punda aliyefika darajani. Mpira ukadunda mbele yake, ndani kabisa, ukaenda zake. Na wanafunzi wote waliokuwa nje wakashika vichwa, wakasema kwa pamoja, "Astaghfirullah." Hawakuwa wanamsikitikia Hudhaifa. Walikuwa wanamshangaa Abdulsamad, mtoto wa watu, kwa utovu ule.

"Ndani," alisema Maalim Haroub kutoka kwenye kiti cha mwamuzi. Maalim Haroub alikuwa mwalimu wa jiografia, na uamuzi alipewa kwa kuwa ndiye mwenye filimbi.

Kocha Hafiz aliinua kichwa kutoka kwenye kishikwambi. Akatazama kona, akamtazama Hudhaifa. "Abdul," aliita taratibu, "rudia."

Abdulsamad akarudia. Hudhaifa akasimama pale pale. Akarudia tena, na safari hii Hudhaifa alijilazimisha kiasi kwamba mwili wa juu uliingia konani na miguu ikabaki nje, akaanguka kama nazi. Zamu yake ya kushambulia ilipofika mambo hayakuwa bora: kona ya kushoto ya Abdulsamad ilikuwa wazi kama mlango wa msikiti, na mkono wa Hudhaifa ulikataa katakata kupiga huko. Kila alipokusudia kushoto, mpira ulikwenda kulia kwa adabu. Seti ya kwanza ikaisha sita kwa moja, na lile moja Abdulsamad alilitoa sadaka, maana alikuwa anabadilisha raketi.

Hudhaifa akakaa kwenye benchi, akajifunika taulo.

"Una nini wewe?" Nyange alimuuliza kwa nje. "Kona tupu ile. Hakuna kitu."

"Mimi najua hakuna kitu. Mguu haujui."

"Basi uambie."

"Nimeuambia. Unasema umuulize Bibi."

Chini ya taulo palikuwa na joto na harufu ya dahalia. Hudhaifa alilisubiri wazo kwa unyenyekevu. Alijiambia: wakubwa huuliza, tatizo ni lipi? Tatizo ni kwamba mimi nacheza kwenye uwanja wenye karafuu na huyu anacheza kwenye uwanja usio na karafuu, na tuko uwanja mmoja. Mmoja wetu lazima ahame. Mimi siwezi.

Akatoa taulo. Kule uzioni Bi Kijakazi alikuwa anatazama jua na miguu inamwasha. Hudhaifa akainuka, akaenda mpaka alipo, akainama kwa heshima zote.

"Bibi," alisema, "seti imekwisha."

Hakusema zaidi, na katika hilo hakusema uongo hata herufi moja.

"Imekwisha? Alhamdulillahi," alisema Bi Kijakazi. "Haya kina mama, jua linatuacha."

Wakaingia na magunia kichwani. Majamvi yakatandikwa, moja upande huu, moja upande ule, karafuu zikamwagwa na kusambazwa kwa viganja kwa kasi ya watu waliofanya kazi hiyo tangu kuumbwa. Kocha Hafiz alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Mwalimu, samahani. Hawa kina mama wanafanya nini?"

Mwalimu Abrahman tayari alikuwa anavuka uwanja mbio mbio. "Bibi. Bibi, bado. Zipo seti nyingine."

Bi Kijakazi hakuinua mgongo. "Uliniambia mchezo mdogo, Abrahman. Mdogo umekwisha."

"Ndiyo, Bibi, lakini wageni—"

"Mie karafuu hizi zina siku mbili. Zikilala guniani na maji yake zinaota koga. Zikiota koga, utazinunua weye?" Sasa aliinuka, akamtazama. Mwalimu Abrahman alikuwa na miaka zaidi ya hamsini, miwani, na gari. Lakini alisomeshwa juzuu yake ya kwanza na Bi Kijakazi, kwenye baraza ile ile nyuma ya uzio, chini ya fimbo ndefu ya henzirani. Kwa kitambo kifupi alikuwa na miaka saba.

"Sitazinunua, Bibi," alisema.

"Basi nipishe."

Kila mtu akamgeukia mwamuzi. Maalim Haroub alifikiri, akaitazama filimbi yake kana kwamba imeandikwa sheria ubavuni, akatoa hukumu ambayo ilisimuliwa Chake mpaka Wete. "Kila uwanja una hali yake," alisema. "Huko kwa wakubwa, wengine wanachezea udongo na wengine wanachezea majani, na hakuna anayelalamika. Sisi hapa tunachezea karafuu. Mpira ukiangukia mali ya watu, ni nje."

"Hili halimo kwenye kanuni," alisema Kocha Hafiz.

"Kanuni zilitungwa wapi?"

"Sijui. Ulaya."

"Karafuu zipo Ulaya?"

Kocha Hafiz akakaa.

Seti ya pili ilikuwa starehe. Abdulsamad, kwa mazoea, akaupeleka mpira kushoto, ukatua katikati ya jamvi na punje zikaruka kama panzi. "Nje," alisema Maalim Haroub. Bi Kijakazi alikuwa amekwisha kuufikia. Akaufuta, akautia kwenye kanga yake.

"Utauchukua Ijumaa," alimwambia Abdulsamad.

"Bibi, leo Jumamosi."

"Basi unayo nafasi ya kutosha ya kujutia. Okota."

Bingwa wa Unguja akaweka raketi chini, akapiga magoti na nguo zake za hujaji, akaokota. Ajabu ni kwamba aliokota vizuri, kwa vidole viwili, bila kuponda, lakini wakati ule hakuna aliyelitia hilo maanani, na aliyepaswa kulitia maanani kuliko wote alikuwa anakunywa maji na kuwapungia wanafunzi wa kike.

Kila mpira wa kushoto ukawa nje. Abdulsamad akabanwa kulia kwa kulia, kwenye mchezo wa majirani na sahani, na katika mchezo huo hapakuwa na mtu chini ya jua wa kumshinda Hudhaifa. Alijua kupiga mpira ukalamba ukingo wa jamvi bila kuligusa, hila aliyoipata kwa miaka mitatu ya woga. Seti ya pili alichukua yeye, na kopo la mipira mipya ya wageni lilikuwa karibu lote limehamia kwenye kanga ya Bi Kijakazi.

Kabla ya seti ya tatu, aliyejifunika taulo alikuwa Abdulsamad. Kocha Hafiz alichutama mbele yake, akamnong'oneza, akamwonyesha picha kwenye kishikwambi: miraba, mishale, na kwenye kila upande doa kubwa la kahawia ambalo bila shaka alilichora muda ule.

Abdulsamad akarudi kabadilika. Alipoanzisha, mpira uliangukia mbele, ndani ya kisanduku chake halali kabisa, karibu na mstari wa pembeni, kisha ukaruka kuelekea nje kwa kupita juu ya karafuu. Haukuzigusa. Ila mtu wa kuurudisha angelazimika kusimama katikati ya jamvi.

"Ndani," alisema Maalim Haroub kwa huzuni.

Ulikuwa ujanja wa kitaalamu na kila mtu aliuelewa, hata mbuzi wa nje ya uzio. Abdulsamad akaurudia mara mbili na mara mbili Hudhaifa akabaki anautazama mpira unaondoka kama abiria aliyeachwa na gari.

"Usingoje ufike huko," Nyange aliita. "Nenda kaupokee njiani kabla haujaingia kwa watu."

Hudhaifa akasogea mbele ya jamvi, karibu na wavu kuliko alivyowahi kusimama mtu mwenye akili timamu, na mpira ulipodunda tu akauchota kabla haujainuka. Ulirudi taratibu ukaanguka mbele ya Abdulsamad, ambaye hakuutarajia. Skuli ikapiga meza ambazo hazikuwepo. Zamu iliyofuata Hudhaifa naye akaanzisha vile vile, juu ya karafuu za upande wa pili, kwa maana elimu haina mwenyewe. Wakaenda hivyo, huyu akitega na yule akitegua, hata wakafungana gemu sita kwa sita, na Maalim Haroub akatangaza gemu la kuamua.

Katika kelele zile hakuna aliyetazama juu. Yaani, hakuna mwanafunzi. Kina mama uzioni walikuwa wameacha mazungumzo zamani.

Gemu la kuamua lilikwenda mpaka Abdulsamad akabakiza pointi moja ya kumaliza mechi. Mipira ikapigwa, kulia kwa kulia, kulia kwa kulia. Ndipo Abdulsamad akafanya kitu cha kipumbavu. Aliinua macho kutazama mbingu, akalaza raketi, akaupiga mpira juu, juu sana, mpole, na hata asiyejua tenisi angeweza kuona unakokwenda. Ulikuwa unakwenda kuanguka katikati ya jamvi la Hudhaifa.

Nje. Wazi kabisa nje. Pointi ya kumwokoa Hudhaifa ilikuwa inashuka kutoka mbinguni na hakutakiwa kuinua hata kidole. Alikuwa amesimama kando ya jamvi, raketi mkononi, na alipata wasaa wa kuona kila kitu: kitanda chake cha dahalia, Nyange amefungua mdomo, Mwalimu Abrahman ameanza kutabasamu.

Tone la mvua likamwangukia puani.

Kilichofuata hakikupita kichwani. Raketi ilianguka. Mikono miwili ikashika pembe mbili za jamvi, mgongo ukainama, akalikunja na kulivuta kwa mshindo mmoja mpaka pembezoni mwa uwanja penye kibanda cha bati, karafuu zote ndani, hata punje haikumwagika. Bi Kijakazi mwenyewe, akija mbio na gunia, alisema baadaye kwamba tangu aanze kulea wajukuu hajaona anuo zuri kama lile.

Nyuma yake mpira ukaanguka kwenye saruji. Ulianguka katikati ya mraba mkavu, msafi, wenye harufu ya karafuu na usio na karafuu.

Maalim Haroub aliutazama mraba. Aliutazama mpira. Alitamani, inasemekana, awe mwalimu wa somo jingine na wa skuli nyingine.

"Ndani," alisema. "Mechi imekwisha."

Mvua ikamwagika. Uwanja mzima uliingiwa na watu, wanafunzi na walimu, jamvi la pili likabebwa na mikono ishirini, na kwenye pembe yake moja, nguo nyeupe zimegeuka rangi ya udongo, alikuwa Abdulsamad.

Wakajikuta wamesimama pamoja chini ya bati, wanatiririka maji.

"Ulikuwa unapiga nje kusudi," alisema Hudhaifa.

"Nilikuwa napiga ndani. Nililiona tone kabla yako, lilinipata mimi kwanza." Abdulsamad alikuwa anakamua fulana. "Nikajua utaanua."

"Umejuaje?"

"Mama yangu wa Wambaa, huku huku Pemba. Mwaka juzi niliacha karafuu za bibi zikaloa. Bado ananiita yule mgeni."

Hudhaifa alitaka kukasirika akakosa pa kuanzia. Mtu alikuwa amemsoma kama ubao. La kwanza la kumsogeza, la pili la kumlainisha, la tatu ndilo lenye shida yao. Kocha Hafiz alifika na kishikwambi ndani ya mfuko wa nailoni, akamuuliza Abdulsamad pigo lile linaitwaje, aandike. Abdulsamad akasema halina jina. Akaandika hivyo.

Mwalimu Abrahman naye akaja, viatu mkononi.

"Wewe umesema utawafunga, na hukuwafunga," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Karafuu umeziokoa."

"Ndiyo, Mwalimu." Hudhaifa aliona mlango mdogo wa matumaini, akaweka mguu. "Na Mwalimu, kwa kuwa zile karafuu ni za watu—"

"Ni za bibi yako," alisema Mwalimu Mkuu, "ambaye sasa hivi kaniuliza kwa nini mtoto mwenye mkono kama ule nimemficha dahalia miaka mitatu. Mimi nilikuwa sina jibu. Wewe utampelekea. Jumatatu."

Jumatatu tranka likavuka uzio, likiwa na safari fupi kuliko tranka lolote katika historia ya elimu. Bi Kijakazi alimpokea na chai na mkate wa kumimina, akamwacha amalize kipande kimoja, akatazama jua.

"Haya," alisema.

Hudhaifa akatandika pale uwanjani. Na hapo, amechutama juu ya saruji yenye joto, akagundua jambo ambalo lilimfanya akae kitako. Kwa miaka yote alicheza pale palipoachwa na majamvi. Lakini majamvi hayajitandiki.

Alasiri Nyange alikuja na raketi mbili. Akasimama getini, akautazama uwanja kama mtu aliyeingia nyumba ya jirani kwa makosa.

"Kona imehama."

"Imehama," alisema Hudhaifa. Majamvi yalikuwa yamelala kulia, upande huu na upande ule.

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Nimemwambia Bibi upande wa kulia jua linakaa zaidi."

"Linakaa?"

"Wewe ni mwanajiografia? Wiki hii kulia, wiki ijayo mbele, baada ya hapo tutaona. Simama huko. Nipigie kushoto."

Nyange akasita, akasema bismillahi kama anayeingia chooni, akapiga kushoto. Hudhaifa akakimbia. Penye ukingo wa jamvi lisilokuwepo mguu ukaomba kusimama, akaukatalia, ukaingia. Alikuwa ndani ya kona. Hapakutokea radi. Akavuta raketi, akapiga kwa mkono wa nyuma, wa kwanza katika maisha yake na katika historia ya skuli ile, na mpira ukaondoka kwa nguvu ambayo hakuijua, ukapita juu ya wavu na viraka vyake vya nyavu za samaki, juu ya Nyange, juu ya uzio wa kuzuia mbuzi, ukashuka nyuma ya paa la makuti penye moshi wa jikoni.

Kikasikika kishindo cha sufuria.

"Ijumaa," ilisema sauti kutoka jikoni.